Mtaro wa Kumkomoa Bi Biasha

Jumatatu, 6 Mei
Mvua tena. Nimechoka nayo. Mahindi yamesimama ndani ya maji na majani yameanza kuwa manjano. Mzee wa kijiji amepita na mwavuli uliovunjika, akisema mto umefura, walio karibu nao wahamie shuleni. Nimemwambia sihami. Sikutoka Makueni kuja kulala darasani. Syombua, mke wangu, amesema sawa, ila maji yakiingia ndani ya nyumba yeye anakwenda kwa dadake Ukunda, na harudi. Akisema hivyo huwa hatanii.

Jumanne, 7 Mei
Nimepata dawa! Chini ya shamba langu kuna bonde la Bi Biasha, yule mama wa Kidigo ambaye bata wake walimaliza kunde zangu changa, naye akaniambia eti bata hawana akili. Haya. Nachimba mtaro, maji yote yashuke kwake. Nyumba yangu ipone, na yeye akione cha mtema kuni. Nimechimba kutwa nzima, mvua mgongoni. Kiuno hakinyooki. Lakini maji yanateremka. Raha iliyoje!

Jumatano, 8 Mei
Nimeamka mapema nisikie kilio. Nimesikia nyimbo. Wanawake wako bondeni, maji magotini, leso zimefungwa juu, wanapandikiza mpunga! Mwaka jana nilipohamia hapa kulikuwa na ukame, nikadhani lile bonde ni la bata tu. Kumbe lilikuwa linangoja maji.

Bi Biasha amepanda hadi kwangu na sinia ya wali wa nazi na samaki. Nimempa shikamoo, meno yameumana. Ameitikia marahaba mwanangu, Mungu akuzidishie, jirani kama wewe sijapata kumwona. Syombua amenitazama kwa mapenzi. Wali nimeumaliza wote. Ulikuwa mtamu, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

Alhamisi, 9 Mei
Yaani kiuno changu ndicho kilichomlimia yule mama! Asubuhi nimeuziba mtaro kwa magunia ya mchanga niliyoyafunga kamba na vigogo vya migomba. Tuone nani ataimba. Syombua ameuliza nafanya nini. Nimesema naimarisha kingo.

Adhuhuri mvua ikamwagika, na maji hayakuwa na pa kwenda. Yakarudi kwangu. Jikoni kwanza, kisha sebuleni, kisha chumbani. Mbuzi wakapanda kitandani. Syombua akatoa begi lake. Hapo niliogopa. Nyumba ningejenga nyingine, lakini yule mwanamke akienda ameenda.

Aliyetuokoa ni Bi Biasha. Alikuja na wenzake na majembe, wakafungua mtaro, wakabeba mbuzi mabegani hadi nyumbani kwake, kilimani ng'ambo ya bonde. Aliyatazama yale magunia muda mrefu. Akasema mvua ya mwaka huu ni hodari, imejifunza hata kufunga kamba. Wanawake walicheka. Syombua hakucheka. Ameelewa. Tuko kwa Bi Biasha sasa, Syombua chumbani na akina mama, mimi barazani na mbuzi.

Jumamosi, 11 Mei
Mahindi yamelala yote. Hakuna cha kuvuna. Bi Biasha ametugawia kipande cha bonde na miche ya mpunga, tusije tukafa njaa. Nimeona aibu, nikatazama chini. Syombua amefungua begi na kuanika nguo zake kwenye kamba. Amesema anabaki kwa ajili ya Bi Biasha, si kwa ajili yangu. Nimekubali. Tumepanda hadi jioni, mgongo umekufa kabisa.

Jumapili, 12 Mei
Jua limewaka. Nimekaa kwenye kingo nikipumzika. Kipande chetu kiko juu kabisa, mtaro unapoingilia. Maji yanaanza kwetu ndipo yashuke kwa Bi Biasha. Jua likiendelea hivi, hayatatutosha sote. Kizuizi kimoja tu pale kwenye kona, tena kidogo, na mpunga wetu utakunywa vizuri. Hakuna atakayeona.

Syombua ameuliza mbona natabasamu peke yangu. Nimemwambia ni shukrani.