Vidole Chini ya Shuka la Aabo

Jumatatu, 6 Oktoba
Nimeanza! Picha moja kila siku ya maisha ya Garissa, mwaka mzima, bila kukosa. Nitaitwa Nairobi kuzionyesha. Hooyo, mama yangu, ameuliza kama huko Nairobi watu hawajawahi kuona mbuzi. Nimemwambia sanaa haina haraka. Amesema hata mimi sina, hasa nikitumwa dukani.

Picha ya leo: mbuzi anakula katoni. Mtandaoni imependwa na mtu mmoja. Ni mimi. Shuaib, jirani yetu, amerusha picha ya ngamia wakivuka daraja la Tana jua likichomoza, na mji mzima unamsifu. Ngamia hata si wake!

Jumanne, 7 Oktoba
Nimedamkia darajani. Ngamia hawakuja. Alikuja punda, akanipa mgongo. Nimempiga picha hivyo hivyo.

Jumatano, 8 Oktoba
Soko la mifugo. Aabo, baba yangu, ni dalali wa ngamia, na kwa madalali bei haitamkwi. Anashikana mkono na muuzaji chini ya shuka, vidole vinapatana bei huku vinywa vikiongea habari za mvua. Hakuna aliyewahi kupiga picha ya jambo hilo. Hata Shuaib!

Nikajifanya nimeanguka. Nikalala chini, simu ikitazama juu ndani ya shuka. Mavi ya ngamia mgongo mzima, lakini nimepata! Vidole vya Aabo vimeshika vya mzee Hirsi, mfugaji wa Bura, aliyekuja kuuza ngamia wake wa maziwa. Nimeirusha. Kufika alasiri, Garissa nzima inaitazama. Alhamdulillahi!

Alhamisi, 9 Oktoba
Balaa. Nilisahau kwamba Garissa nzima inajua kusoma vidole.

Kumbe mzee Hirsi aliuza kwa bei ya kutupa. Mkewe amelazwa, na hakutaka mtu ajue dhiki yake. Sasa hata wauza miraa wanaitaja bei hiyo. Wanunuzi nao wanawauliza wafugaji wengine mbona wao wanataka zaidi, ilhali Hirsi aliikubali hiyo. Nimeifuta picha. Shuaib alikwisha kuisambaza, na safari hii amelitaja jina langu. Nilifurahi kidogo. Mungu anisamehe.

Aabo hakunipiga wala hakugomba. Alisema tu kwamba mtu akikupa mkono chini ya shuka, amekukabidhi heshima yake. Afadhali angenipiga.

Jumamosi, 11 Oktoba
Nimepata mpango wa kuokoa kila kitu. Nimekwenda Bura na sukari na majani ya chai kumwomba radhi mzee Hirsi. Nilitarajia bakora. Amenikaribisha kwenye mkeka, akauliza hali ya baba yangu, akanimiminia chai. Kisha yeye ndiye aliyeniomba radhi: chai ni ya rangi, maziwa hakuna tena.

Sikuweza kuimeza. Nimelia mbele ya mzee wa watu kama mtoto. Ingawa kikombe kile, na lile zizi tupu nyuma yake... Nilijizuia. Nilipiga moja tu.

Jumatano, 15 Oktoba
Aabo amerudi sokoni. Mimi nilisimama mbali, nyuma ya lori. Alitandaza shuka juu ya mkono kama kila Jumatano, akasubiri. Wafugaji walimsalimia vizuri, wakauliza habari za nyumbani, wakaenda kwa dalali mwingine. Hakuna hata mmoja aliyeingiza mkono. Kazi aliyoirithi kwa baba yake, na mimi ndiye niliyeizika.

Amerudi nyumbani mapema. Hooyo amempelekea chakula, hakukigusa. Ameketi dirishani, mkono wake bado uko chini ya shuka, kana kwamba kuna mtu atakuja. Moyo umenipasuka. Nilitaka kumwangukia miguuni.

Lakini ule mwanga wa dirishani! Yale macho! Na picha ya leo sikuwa nayo.

Amesikia mlio wa simu nilipowasha kamera. Alilivuta shuka taratibu, akajifunika uso, na picha imetoka na kitambaa kitupu. Kesho nitamwahi kabla hajajifunika.