Majitu Yangu Kumi na Mawili

Jumamosi, 2 Machi
Habari kubwa! Mwenye duka la mbegu ametangaza kwamba kalenda ya duka lake ya mwaka kesho itakuwa na picha ya bustani moja ya alizeti, kutoka mtaa huu huu. Mpiga picha atapita mwishoni mwa Mei. Kalenda! Itatundikwa kila jikoni, kila saluni, kila kliniki, miezi kumi na miwili mfululizo.

Miaka ishirini na sita nachora mabango. Nimeandika jina la kinyozi, la daktari wa meno, hata la muuza majeneza. Langu halipo kwenye ukuta wowote. Inaniuma, na humu shajarani sina wa kumficha.

Mpinzani ni mmoja tu: shemeji yangu, kaka wa mke wangu, mwoka mikate. Anakaa ng'ambo ya uzio wetu. Namwita Bwana Taratibu. Huyu hata chafya huipangia siku.

Jumatatu, 4 Machi
Nimefika dukani kabla halijafunguliwa. Mwenye duka amenionyesha pakiti moja moja, kwa subira ya mwalimu wa chekechea. Kuna Kibeti, ya kwenye chungu, inaishia magotini na huchanua upesi. Kuna Matawi, shina moja vichwa kumi. Kuna isiyo na chavua, ya kukata na kuweka mezani bila kuchafua kitambaa. Kuna ya rangi ya damu ya mzee. Na kuna Jitu: mita tatu, kichwa kama sinia!

Akasema kuchagua kunategemea mahali, akaniuliza kwangu jua linachomoza upande gani. Nikamjibu kwangu linachomoza pande zote. Nikachukua Jitu, mbegu kumi na mbili. Akauliza tena. Nilikuwa nimeshafika mlangoni.

Nimezipanda mstari mmoja, kando ya uzio wa shemeji. Akili hiyo! Zitamzibia, na yeye ataona migongo tu. Mke wangu akaniuliza kama nilimsikiliza mwenye duka. Nikamwambia nilisikiliza yote ya maana.

Bango nimeshalichora: BUSTANI YA FUNDI MABANGO, herufi za njano. Mbegu zina saa tano ardhini.

Jumanne, 2 Aprili
Nimepanda kigoda kuchungulia kwa shemeji. Hana kitu! Vyungu sita vitupu. Akanibamba. Nikasema natafuta kuku wetu. Akanikumbusha, kwa ule upole wake unaoudhi, kwamba hatufugi kuku. Kisha akasema keshokutwa atapanda Kibeti, hana haraka.

Kibeti! Nimecheka mpaka mke wangu akaniletea maji. Majitu yangu yameshafika gotini.

Alhamisi, 9 Mei
Siku njema. Nimerudi kazini saa kumi na moja jioni, na matumba yote kumi na mawili yamegeuka kunitazama! Yote! Nimeketi barazani, nikayapungia mkono.

Mke wangu, ambaye huamka alfajiri, akasema asubuhi yanatazama kwa kaka yake. Kikulacho ki nguoni mwako. Damu nzito, anamtetea. Mimi saa kumi na mbili asubuhi huwa nimelala, kama mtu yeyote mwenye heshima zake. Akasema basi nikamuulize mwenye duka. Nikamwambia nikimuuliza, nitamvimbisha kichwa bure.

Ijumaa, 24 Mei
Balaa! Mpiga picha anakuja kesho. Nimerudi jioni, nimekuta yamechanua yote, na yote yamenipa mgongo. Nimeyapigia makofi. Nimeyasihi. Moja nimejaribu kuligeuza kwa kamba, likavunjika shingo. Yamebaki kumi na moja.

Mke wangu akanieleza polepole. Machanga hulifuata jua kutwa nzima. Yakishakomaa hutulia, yakatazama linakochomoza. Na jua linachomoza kwa kaka yake. Limekuwa likichomoza huko tangu tuhamie hapa. Nikamfokea kwa nini hakusema mapema. Akasema alisema tarehe tisa.

Nimefungua shajara hii kuhakikisha. Kweli alisema.

Jumamosi, 25 Mei
Nimevaa suti ya harusi. Haifungi, lakini ni suti. Mpiga picha akayatazama majani kutoka nyuma, akazunguka bango langu mara mbili, kisha akauliza kwa adabu kama hii ndiyo bustani yenyewe au ni stoo yake. Akachungulia juu ya uzio. Akapiga kelele ya furaha. Akaniacha nimesimama!

Kule kwa shemeji: vibeti sita mbele, vimechanua jana, na majitu yangu kumi na moja nyuma, nyuso wazi, yanachekelea. Mtu angedhani tulipanga.

Lazima niandike ukweli. Shemeji kwanza alikataa kupigwa picha peke yake. Alisema maua makubwa si yake, ni ya shemeji yake, akaniita mara mbili niende tupigwe picha pamoja. Nilikuwa nimenuna. Nikajibu nina kazi. Kisha nikapanda kigoda nione wanafanya nini.

Jumatatu, 9 Desemba
Kalenda imetoka. Shemeji ameileta mwenyewe, pamoja na mkate wa moto. Picha nzuri, siwezi kudanganya. Yeye yuko katikati, na aproni yake yenye unga, anatabasamu. Na nyuma yake, kati ya mashina mawili, kuna kichwa changu, mdomo wazi. Kinyozi ameniuliza ile sanamu ya kutishia ndege nimeichonga mwenyewe au nimenunua.

Chini wameandika jina la duka lake la mikate. Halafu, kwa herufi ndogo ambazo mimi nisingethubutu kumchorea mteja: alizeti za nyuma, kwa hisani ya jirani. Jirani! Miaka ishirini na sita, nimepata neno moja, na hata si jina.

Mke wangu ameitundika jikoni. Anasema nimetoka vizuri. Nimepita jikoni mara saba leo, na kiu sina.

Akanishauri mwakani nipande nyuma ya nyumba, upande wa machweo, ili maua yatutazame sisi. Shemeji akaitikia kwa kichwa. Kaka na dada, lao moja! Hawanipati tena. Nimelitafakari jambo hili kwa kina na kosa nimelijua: ni aina ya mbegu. Jitu lina dharau.

Nimekwenda dukani, nimechukua ya damu ya mzee, pakiti mbili. Mwenye duka akaanza tena maswali yake ya jua. Nilikuwa nimeshafika mlangoni.

Bango nimelipaka rangi upya. Mbegu nitazipanda palepale, kando ya uzio. Safari hii shemeji ataona migongo tu.