Nuksi ya Dewey Pruitt

Jumatatu, 12 Agosti 1974

Arlene mpenzi,

Bado niko Harlow, Iowa. Bado narusha mpira wa besiboli, ligi ndogo. Leo kocha Tatum katutangazia: timu ya ligi kuu inataka mrushaji mmoja. Mmoja tu! Ataondoka Ijumaa. Bega langu linalia kama mlango mbovu, lakini mimi huko nilishafika. Wiki mbili! Nawe ulikuwepo jukwaani, ukimenya karanga na kutia maganda mfukoni mwa koti langu usije ukachafua uwanja wa watu. Koti hilo ninalo. Maganda bado yamo.

Mshindani wangu ni Dewey Pruitt, kijana wa Alabama. Ananiita babu. Kaniuliza eti enzi zetu tulikuwa tunarushiana mawe?

Jumanne, 13 Agosti

Mbinu! Nimepaka mafuta yako ya nywele kwenye ukingo wa kofia, ingawa ni marufuku. Niguse kidogo, mpira uteleze vidoleni, upinde njiani.

Uliteleza. Ukampata muuza soseji jukwaani.

Mwamuzi akanusa kofia yangu mbele ya watu wote, akasema nanukia kama shangazi yake akienda kanisani. Akaichukua. Tatum akanitoa mchezoni. Hilo halikuniuma. Kilichoniuma ni mafuta. Nilikuwa nimekwangua ya mwisho koponi.

Benchini hakuna aliyenisemesha. Tangu tukuzike wamekuwa hivyo. Wanasogea kando, kana kwamba kufiwa kunaambukiza.

Jumatano, 14 Agosti

Zamu ya Dewey. Mpaka raundi ya saba kati ya tisa hakuna mpigaji hata mmoja aliyeupiga mpira wake akafika kituo cha kwanza. Unaijua desturi yetu: mrushaji akifika hapo hasemeshwi, hakaribiwi, na jambo lenyewe halitajwi. Ukilitaja, nuksi. Benchi zima likamkimbia.

Nikaona nafasi yangu. Nikaketi ubavuni pake, nikasema kwa sauti, "Dewey, mwanangu, unajua hakuna aliyeupiga mpira wako mpaka sasa?"

Wenzetu wakashika vichwa. Tatum akatemea tumbaku kiatu chake mwenyewe.

Dewey akanigeukia, macho mekundu. "Asante, babu. Huu ukimya ulikuwa unaniua. Ongea tu, usiache."

Ningefanyaje? Nikaongea. Nikamsimulia habari za karanga zako. Akacheka mpaka akapaliwa. Kisha akatoka, akamaliza mchezo mzima bila mpira wake kupigwa.

Mimi mwenyewe nilijikuta nimesimama, napiga makofi. Sijaongea vile tangu tulipokuzika Machi.

Ijumaa, 16 Agosti

Dewey kaondoka. Kanikumbatia mlangoni pa teksi, akasema kule ligi kuu atamweleza kila mtu nilivyomsaidia. Kila mtu! Wakati ananikumbatia nikamtilia ganda moja mfukoni, asijue. La nuksi, nilijiambia.

Tatum kaniita ofisini. Msimu ukiisha, nami nimekwisha. Nikamwambia sawa. Nikarudi chumbani, nikakaa kitandani na koti mapajani.

Lakini sikiliza. Jumatatu analetwa mrushaji mwingine kuziba nafasi ya Dewey. Wanasema ni hatari. Nimelifikiria sana, na kosa langu nimeliona: nilichelewa! Huyu nitaketi ubavuni pake kuanzia raundi ya tano. Nuksi itashika tu. Nitaanza na ile habari ya karanga.

Unikumbuke huko uliko, Arlene.

Lyle