Kichwa Kwenye Pipa la Unga

Jumatatu, 4 Septemba
Balaa! Kibarua wangu Lamidi alikuwa ananichimbia shimo la choo cha gesti yangu, sururu ikagonga kitu. Akaita, "Bosi, njoo, kuna mtu huku chini!" Nikakimbia. Kichwa cha udongo wa kuchomwa. Ukubwa wa nazi, mistari myembamba usoni, midomo kama inataka kusema. Kizuri mno.

Hapa mjini Ife nani asiyejua? Mama Ronke wa mtaa wa nyuma alipata chungu tu, watu wa makumbusho wakazungushia kamba kiwanja chake. Mwaka wa pili huu, mbuzi wanalala kwenye msingi. Na sikukuu ya Olojo ni mwisho wa mwezi! Wageni wangu wameshaweka nafasi! Nikamwambia Lamidi hajaona kitu. Akasema sawa, yeye hajaona, lakini chenyewe kimemwona.

Jumanne, 5 Septemba
Nilikificha kwenye pipa la unga wa viazi vikuu. Kosa. Ajike, mke wangu, akaingiza bakuli kuchota unga wa kusonga ugali wa amala. Yowe! "Baba Yemisi! Kuna mtu kwenye unga!"

Nikamweleza. Akatulia. Akakifuta unga machoni kwa pembe ya kitambaa chake, taratibu, kama anamfuta mtoto. Akasema huyu alikuwa mzazi wa watu, nimpeleke makumbusho, la sivyo yeye hapiki. Nikaahidi. Sikulala.

Alhamisi, 7 Septemba
Nimepata! Jirani Fatoki, yule mfamasia mstaafu, naye anajenga gesti. Yake imebaki rangi, yangu imebaki choo. Kichwa kikipatikana kwake, kamba inafungwa kwake. Leo kaenda mazishini Ibadan. Saa sita mchana, mvua inanyesha, nikaruka ua, nikakizika kwenye bustani yake ya mboga chungu.

Nikarudi nimejaa matope. Ajike akauliza kama nimekifikisha. Nikasema wameshukuru sana. Akafurahi, akanitwangia viazi vikuu na supu ya mbegu za egusi. Nikala haraka, macho kwenye bakuli.

Jumamosi, 9 Septemba
Fatoki hachimbi! Nimechungulia uani mara tisa. Mwishowe nikamwambia mboga zake zina mchwa mizizini, achimbe kwa kina. Akanikazia macho. "Jirani, tangu lini una uchungu na mboga zangu?" Nikacheka. Nilicheka peke yangu.

Jumatatu, 11 Septemba
Fatoki kachimba, kakipata! Mtaa mzima ulijaa. Makumbusho wakamleta mtaalamu wao, Daktari Sangodele, mama mfupi mwenye kofia pana. Gesti haikuguswa hata tofali! Eti bustani iko mbali na nyumba. Fatoki akavaa joho lake la agbada, akapigwa picha. Nikapiga makofi, jasho linanitoka.

Mara yule mama akakwangua shingo ya kichwa kwa ukucha. Akauliza mbona bustani ni nyeusi na udongo huu ni mwekundu. Akainua macho, akatazama ng'ambo ya ua. Lundo la udongo wa shimo langu. Jekundu kama pilipili.

"Baba, lile shimo ni la nani?"

Nikasema ni la choo tu.

"Naomba nikakione hicho choo."

Lamidi, ambaye sikumwambia habari za bustani, akaja mbio kwa furaha: "Mama, hata sisi tulipata kama hicho hicho! Aa, nimesahau, jamani, mimi sikuona kitu!"

Jumanne, 12 Septemba
Kamba. Vigingi. Kiwanja kizima.

Daktari hakunifokea. Laiti angefoka. Alisema lau kichwa kingeachwa pale pale, wangepima siku kumi, wakaniachia kiwanja changu. Sasa hawajui kilikaaje wala kilikaa na nini, itabidi wachimbe kote, kwa brashi. Labda hadi mwakani.

Ajike alikuwa nyuma yangu. "Ulisema walishukuru sana." Basi. Akaingia jikoni, akafunga mlango. Miaka thelathini na moja, hajawahi kunifungia mlango.

Alhamisi, 14 Septemba
Wageni wangu wa Olojo wamehamia kwa Fatoki. Wachimbaji wa makumbusho nao wamepanga kwake. Alinipungia mkono leo asubuhi. Mkono mzima! Mlango wa jikoni bado umefungwa. Nakula maembe ya kununua.

Jumamosi, 16 Septemba
Ajike kafungua. Macho mekundu. Akataka niape, mkono kifuani, kwamba sitagusa tena kitu chochote kilichozikwa ardhini. Nikaapa kwa moyo mweupe, machozi yananilenga. Akanimiminia uji.

Nikakaa nao kibarazani. Moyo mwepesi kwa mara ya kwanza wiki hii. Nikatazama kiwanja. Kamba imepita mbele kabisa ya milango ya vyumba. Ikisogea mita mbili tu kuelekea kwa Fatoki, wageni wanaingia. Choo tutaazima kanisani. Wachimbaji huenda kula saa saba, wote.

Niliapa kuhusu vitu vilivyozikwa. Vigingi nimevitazama vizuri: nusu nzima iko juu ya ardhi.