Chatu Mweupe Mwenye Mstari

Jumatatu, 3 Machi 1986

Mayai ya chatu wangu yameanza kubonyea, dalili ya kuanguliwa! Wiki hii Kilifi nzima itajua Zubeir ni nani.

Hesabu yangu ni nyepesi. Bi Arusi, chatu jike niliyemtoa Ganze, ni mweupe pe, macho mekundu. Sajini, dume wa Junju, ni wa kahawia, lakini mgongoni hana madoa kama wenziwe. Ana mstari mmoja tu, umenyooka toka shingo hadi mkia. Nimewapandisha. Mama atatoa weupe, baba atatoa mstari. Ukitia maziwa kwenye chai unapata chai ya maziwa. Nani anahitaji kulisomea jambo hilo?

Meneja wa hoteli moja pale Bofa anataka mtu mmoja wa kuwaonyesha wageni nyoka kila wiki. Ama mimi, ama jirani yangu Menza, ambaye chatu wake wote ni wa kawaida kama magunia. Nimeshamwahidi meneja chatu mweupe mwenye mstari, Jumamosi ya tarehe kumi na tano. Mke wangu Shekha ameuliza kwa nini nisingoje mayai yaanguliwe kwanza. Akanikumbusha kuwa nikiikosa kazi hii, kaka yake Awadh ananingoja dukani kwake nikapime mafuta ya taa. Mimi! Mafuta ya taa!

Shemeji yangu Mahfudha, mwalimu wa bayolojia, alikuwapo. Akaanza, "Shemeji, urithi hauendi hivyo." Nikamwambia asisumbuke, hapa si darasani.

Jumanne, 4 Machi

Kichwa cha kwanza kimetoka. Cha kahawia. Nikasema ni uchafu wa yai. Nikakifuta kwa kanga ya Shekha. Si uchafu.

Kufika adhuhuri wametoka wote. Wote wa kahawia, wote madoa madoa. Weupe hata wa dawa hakuna. Mstari ndio kabisa. Shekha akachungulia, akasema, mashallah, wamefanana na wa jirani.

Wa jirani! Kumbe!

Jumatano, 5 Machi

Nimekwenda kwa Menza kumshtaki. Nikamwambia dume lake limeingia ghalani mwangu, likampanda Bi Arusi. Akaniuliza kwa upole: "Lilipiga hodi, Bwana Zubeir? Na lilipotoka, lilifunga kufuli?" Mkewe Sidi akacheka mpaka akaketi chini. Nikaondoka na heshima zangu zote, isipokuwa ndara moja iliyobaki kwenye tope la kisima chao.

Nyumbani Mahfudha akanikalisha kitako. Kila chatu, anasema, hupokea urithi mara mbili, wa mama na wa baba. Weupe ni wa haya: hautokezi nje mpaka ukutane na weupe mwenziwe. Mstari vivyo hivyo. Watoto wangu wamepata weupe kwa mama tu, na mstari kwa baba tu. Wanavyo vyote viwili, lakini vimejificha ndani. Akaniambia niwatunze. Wakikomaa, niwapandishe wao kwa wao, na katika kila kumi na sita nitarajie mmoja kama ninayemtaka.

Wakomae lini? Miaka mitatu, minne hivi.

Miaka minne! Meneja anataka chatu Jumamosi ya wiki ijayo, si mwaka wa tisini.

Ijumaa, 7 Machi

Baada ya sala akili imefunguka. Kama weupe na mstari vimo ndani, basi mimi nitavitoa nje. Chaki ya Mahfudha, nimeitwanga, nimeikoroga kwa ute wa yai la kuku. Kwa mstari, piko ya Shekha, ile rangi nyeusi anayojipamba nayo harusini. Nimempaka mmoja aliye mpole. Uzuri ulioje! Hata mama yake hamfikii.

Ndugu zake nimempelekea Menza, kikapu kizima, kwa kumdharau. Nimemwambia wa kahawia wakae na wa kahawia. Akashukuru. Baadaye nikamwona Mahfudha barazani kwa Menza, akiwachorea yeye na Sidi mambo ya urithi mchangani kwa kijiti, na Menza anauliza maswali. Mtu mzima, maswali! Nilimwonea huruma.

Jumatano, 12 Machi

Macho ya mrembo wangu yamegeuka meupe, yana buluu kwa mbali. Rangi imemwingia mpaka ndani! Menza amepita, akachungulia, akasema huyo yuko karibu kujivua gamba. Wivu. Anayejivua ni nyoka mkubwa, ngozi imemchakaa. Huyu kazaliwa juzi, ngozi yake ingali mpya.

Jumamosi, 15 Machi

Bofa. Wageni tele, wekundu kama kamba waliochemshwa. Nikatoa hotuba. Nikamwinua mrembo juu. Wakaguna kwa mshangao. Meneja akatabasamu. Nikaona duka la Awadh likididimia mbali.

Ndipo mrembo akaanza kusugua pua kwenye kifungo cha kanzu yangu. Ngozi ikachanika mdomoni. Akajitoa taratibu, kama mguu unavyotoka kwenye soksi. Mkononi nimebaki na soksi, inadondosha chaki. Begani kwangu, chatu wa kahawia, madoa madoa, anang'aa.

Mara makofi! Wazungu wamesimama! Wamedhani ni mazingaombwe. Meneja akanikumbatia, akaniambia nirudie kesho mbele ya mkubwa wake kutoka Mombasa. Nikasema bila shaka. Ningesema nini?

Jumapili, 16 Machi

Hakujivua. Nilimsugua, nikambembeleza, nikamsomea dua. Hakujivua. Wageni wakarudia chai yao. Mkubwa wa Mombasa akauliza kama onyesho limekwisha au halijaanza.

Akaitwa Menza. Kaja na chatu mmoja wa kawaida, akawaacha watoto wa wageni wamguse, akawaeleza anakula nini na analala wapi. Basi! Kazi kapewa yeye.

Jumamosi, 22 Machi

Juma zima dukani kwa Awadh. Hata wali wangu una harufu ya mafuta ya taa.

Lakini leo nimefanya biashara ya kiume. Nimempa Menza Bi Arusi na Sajini, wote wawili, naye kanipa chatu wake wa kahawia aliye mnene kuliko wote. Aliniuliza tena na tena kama nina hakika. Mahfudha ameshika kichwa. Anasema sasa Menza ana wazazi, ana watoto, na ana subira.

Na akae nayo subira yake! Hawa hawaoni. Wale wageni hawakupigia makofi weupe, wala mstari. Walipigia makofi kujivua! Nimeshazungumza na meneja wa hoteli moja ya Malindi. Nimemwahidi chatu anayejivua kila Jumamosi, saa kumi kamili jioni. Amekubali.

Kesho naanza kumfundisha huyu mnene siku za juma.