Alama Yangu Ina Simba

Jumatatu, 3 Mei 1288, Bologna
Nimefaulu! Tangu leo mimi, Petrizolo, ni mthibitishaji wa hati. Kesho kila mhitimu atachora alama yake kwenye kitabu cha chama chetu cha wathibitishaji, na ndiyo itakayothibitisha hati zake mpaka afe. Rambertino, tuliyesoma naye, amechagua msalaba juu ya vidaraja viwili vya ngazi. Basi! Nikamwambia hata kuku huchora hivyo akitafuta mtama. Akajibu kwamba kuku huyo atashiba kabla yangu.

Yangu itakuwa ngome yenye madirisha, simba mlangoni, jogoo juu ya mnara, na mzabibu kuzunguka vyote. Nani ataweza kuighushi?

Jumanne, 4 Mei
Nimechora. Asubuhi nzima! Wazee wa chama walisimama nyuma yangu wakishusha pumzi. Mshangao, nadhani. Mwalimu wangu, Mzee Bonacorso, akauliza: mwanangu, na siku ya mafua utaichora hiyo? Wivu. Kumbe hata wazee wanao.

Jumatano, 5 Mei
Mteja wa kwanza! Mama Bittina, muuza soseji. Jumapili anamwoza bintiye, na anampa shamba la mizabibu. Baba wa bwana harusi ni mtu mgumu: hakuna hati, hakuna harusi.

Hati niliimaliza upesi. Alama ikala mchana wote. Mashahidi wakaenda kula, wakarudi, wakasinzia. Simba akakosa nafasi, ikabidi tuishonee hati kipande kingine cha ngozi ya kuandikia. Mama Bittina akataka kujua kama amenunua hati au pazia. Nikamwambia atakuja kunishukuru.

Ijumaa, 7 Mei
Hajanishukuru. Jana ilikuwa Sikukuu ya Kupaa Bwana, chamani kulifungwa. Leo yule baba mgumu kaipeleka hati chamani ilinganishwe na kitabu. Kitabuni mkia wa simba uko juu. Kwenye hati uko chini. Jogoo ameota masikio. Wazee wakakata shauri: imeghushiwa.

Nikapiga kelele kwamba zote mbili nimechora mimi! Wakauliza iwapo nakiri kujighushi mwenyewe. Rambertino alicheka mpaka akakalia chupa ya wino. Faraja pekee ya siku.

Nyumbani nikamkuta Mama Bittina mlangoni, kisu cha soseji mkononi. We mwana, harusi keshokutwa na nguruwe keshachinjwa! Nikamtuliza. Nina mpango.

Jumamosi, 8 Mei
Mpango: muhuri wa mti! Nimeinakili alama ya kitabuni, nimeichonga unywele kwa unywele. Nikaupiga mbele ya wazee. Safi kabisa! Ila kila kitu kimegeuka. Simba aliyetazama kulia anatazama kushoto. Mzee Bonacorso akasema kwa upole kwamba hata angetazama alikotakiwa, alama ni mkono wako, mwanangu, si gogo lako.

Hati kaiandika upya Rambertino. Msalaba, vidaraja viwili. Mama Bittina hakuwahi hata kuketi.

Jumapili, 9 Mei
Harusi imefana! Nami nimealikwa: Mama Bittina amesema anayewachekesha watu hakosi sahani. Hati yangu wameitundika nyuma ya maharusi. Pazia kweli! Watoto walikuwa wakiyahesabu madirisha na kugombana. Yule baba mgumu amecheza ngoma na kofia ya mkewe. Nimekula soseji mpaka mshipi ukakatika.

Divai ikawalainisha wazee: kesho naruhusiwa kuchora alama mpya, mara moja na ya mwisho. Mzee Bonacorso kaniapisha nichague kitu chepesi. Nimeapa. Duara tupu! Hata mtoto anaweza kulichora.

Jumatatu, 10 Mei
Hata mtoto anaweza kulichora. Hapo ndipo penye tatizo. Na katikati ya duara kuna nafasi kubwa imelala bure. Nitatia samaki mmoja tu. Samaki hana mkia wa kupanda na kushuka kama simba. Hana masikio. Wazee wananiita, lakini wangoje kidogo.

Magamba nimeshayaanza.