Profesa Anayetibu kwa Simu

Yves Lutala aliiona riziki yake Kabambare, siku mradi mmoja ulipogawa simu kwa wahudumu wa afya wa vijijini. Mhudumu mmoja alimpigia muuguzi, akaeleza homa ya mtoto, akapewa maagizo. Mama mtu akaondoka roho imetulia. Yves akajisemea, kumbe watu wanaamini sauti. Dawa za nini basi?

Juma lile lile akaendesha pikipiki yake hadi kijiji cha Wamaza, amevaa koti jeupe la kuazima. Mwenzake Michel alibaki mjini Kasongo, na kwenye simu akawa Profesa wa Kinshasa. Kazi yenyewe nyepesi: mgonjwa anawekewa simu kifuani, anakohoa, Profesa anasikiliza, kisha anaagiza yale yale kwa kila mtu, anywe maji, alale, alete kuku. Kwenda kituo cha afya marufuku, maana sindano, alieleza Yves bila kupepesa macho, inaharibu rezo, mtandao wenyewe wa simu. Wengi wakapona, kama mafua yanavyopona yenyewe. Mbuzi nao wakaanza kuletwa. Mungu atusamehe, biashara ilinoga.

Kisha malaria ikamwangusha Yves mwenyewe, malaria ya kweli, ya kutetemesha kitanda.

"Mama Rachida," akamwomba mwenye nyumba, "munipeleke kwa muuguzi, mbio."

Mama Rachida, mwanamke wa huruma, alishangaa. "Kwa sindano? Hapana, mutoto wangu. Tutaita Profesa."

Wakamwekea simu kifuani, majirani wamejaa mlangoni. Yves akakohoa bila kutaka.

"Mm," Profesa akasema, kwa utulivu wa mtu aliyeshiba. "Huyu iko mubaya sana. Musimutoe kitandani. Pikipiki yake na mbuzi wote mutume leo Kasongo, kwa mutu wangu Michel. Yeye atanunua dawa."

"Michel, niko nakufa," Yves akanong'ona. "Acha muchezo."

"Munamusikia?" Profesa akauliza. "Homa imefika kichwani. Sasa atasema mimi si dokta."

"Si dokta," Yves akasema, machozi yakimtoka. "Niliwadanganya ninyi wote."

Majirani wakatazamana, wamejaa heshima. Profesa alijuaje, naye yuko mbali vile?

Nje pikipiki ikawashwa, mbuzi wakalia, sauti zikafifia kuelekea Kasongo. Kituo cha afya kilikuwa ng'ambo ya kijito tu, na Yves aliogopa kufa, aliogopa kwelikweli. Mama Rachida akamwinua kichwa, akamsogezea kikombe cha maji.

"Kunywa polepole," akambembeleza. "Hatuwezi kukuacha. Wewe ndiye ulituponya sisi wote."